Kimo cha Hewa Nzito

Katika chumba cha baraza la mkoa kulikuwa na meza ndefu iliyong'arishwa mpaka mtu akiinama anaona kidevu chake, imezungukwa na viti vyenye matakia. Kisha kulikuwa na kiti kimoja cha mbao, kimesukumwa ukutani peke yake kama mtoto aliyeadhibiwa. Hicho ndicho kilichokuwa kiti cha mtaalamu.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa mama wa makamo, msomi wa mambo ya ardhi na miamba, aliyeajiriwa kuishauri serikali ya mkoa kwa sayansi. Utaratibu wa baraza aliukuta, na hakuwa na uwezo wa kuubadili. Mtaalamu haketi mezani. Hafungui mdomo mpaka aulizwe, na akiulizwa swali moja anatoa jibu moja. Jibu hilo Katibu, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, hulirudia kwa kifupi ili liingie kwenye kumbukumbu. Likishapita mdomoni mwa Katibu, limekwisha. Hata ulie machozi ya damu, halirudi.

Siku hiyo mjadala ulikuwa wa chekechea. Jengo la zamani lilikuwa limepasuka ukuta, watoto wanasomea barazani kwa watu. Serikali ilikuwa imepata nyumba nyingine ya bure: ghala la machimbo ya mawe yaliyofungwa, bondeni nyuma ya kilima, mwisho wa mji.

"Swali kwa mtaalamu," alisema Mkuu wa mkoa, mtu mnene, mcheshi, ambaye hata akikasirika shavu lake lilikuwa kama linataka kucheka. "Kuta za lile jengo ni imara?"

"Kuta ni imara, Mheshimiwa. Ila bonde lenyewe ningeomba nipate muda nika—"

"Mtaalamu anasema jengo ni imara!" Katibu alinguruma.

Kalamu zikakwaruza karatasi, na wajumbe wakahamia kwenye takataka za sokoni. Mtaalamu akakaa. Alijiambia kwamba atakwenda bondeni kupima mwenyewe kabla wiki haijaisha. Lakini barabara moja ikaporomoka upande wa pili wa mkoa, akaitwa huko, na aliporudi utepe ulikuwa umeshakatwa, redio imeshatangaza, na watoto wameshahamia.

Mwalimu wa chekechea hiyo alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, tumbo moja. Walikaa nyumba moja, kwa kuwa shemeji alikuwa kazini mbali. Na mdogo wake huyo alikuwa na binti ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza ila akiwa amelala, na hata akilala alikuwa akiendelea kidogo.

Jioni aliyorudi safarini, mtaalamu alishangaa ukimya. Alidhani mtoto hayupo. Kumbe yupo, amekaa kizingitini, mikono mapajani, anatazama sakafu.

"Huyu vipi?" aliuliza.

"Hata mimi sielewi, dada," mdogo wake alijibu, akijikanda paji la uso. "Homa hana. Kula anakula. Lakini ulimi umemganda."

"Na wewe kichwa?"

"Kinaniuma tangu tuhamie. Lakini we uliona wapi mwalimu wa watoto wadogo asiyeumwa kichwa?" Alicheka peke yake, kisha akakatisha kicheko kama aliyesahau alichokuwa anachekea.

Mtaalamu akaketi kizingitini karibu na mtoto. Halafu Chiriku akasema taratibu, bila kuinua macho:

"Mama mkubwa, ukilala chini, we huwa unamsikia?"

"Nimsikie nani, mwanangu?"

"Yule wa chini ya mkeka. Tukilala shuleni anaazima pumzi zetu. Mimi na yeye tunapokezana." Akafikiri kidogo. "Lakini yeye harudishi."

Mtaalamu alisoma dua aliyofundishwa na mama yake utotoni, ya kumkinga mtu na asichokiona, na asubuhi akachukua kipimo chake cha hewa na mshumaa, akaenda bondeni.

Njia ilishuka kati ya kuta za mawe yaliyochongwa. Juu kulikuwa na kelele za mji, pikipiki, mtu anagonga bati. Alipopiga hatua chache kushuka, kelele zile zilikatika kama mlango umefungwa nyuma yake. Hapakuwa na upepo. Ndiyo sifa ambayo kila mtu aliisifia: hakuna upepo, hakuna vumbi, watoto watalala raha. Lakini hapakuwa na mdudu pia. Mlangoni watoto walikuwa wamedondosha makombo ya mkate tangu jana, na hakuna sisimizi hata mmoja aliyeyafuata. Chini ya dirisha alilala njiwa, unyoya haujapinda, jicho wazi. Hewa ilikuwa na uchachu kwenye ulimi, kama mtu aliyekunywa soda akacheua.

Ndani watoto walikuwa wamelala usingizi wa mchana kwenye mikeka, safu kwa safu. Walilala fofofo, lakini vifua vyao vilipanda na kushuka mbio mbio, kama waliotoka kufukuzana. Wote pamoja. Mdogo wake alikuwa amesimama katikati yao, anawatazama kwa uso usio na kitu.

Mtaalamu alishusha kipimo kwa kamba yake. Kifuani kilikaa kimya. Kiunoni kimya. Kilipofika chini ya goti kikaanza kulia, na kilipogusa mkeka kililia kama kitoto kilichofinywa, na wala hakuna mtoto hata mmoja aliyeamka.

"Waamshe," alisema. "Wabebe. Wote nje, juu kabisa. Usiniulize."

Walipokwisha kuwapandisha, watoto wakiyumba na kulalamika kuumwa kichwa, alirudi peke yake akaingia kwenye chumba cha nyuma, kile kilichoshuka ngazi moja chini ya darasa. Akawasha mshumaa. Akaushusha. Kwenye goti mwali ulinyanyuka kutoka kwenye utambi, ukaelea peke yake nukta moja, ukafa. Na moshi wake haukupanda. Ulitandaa ubapa, mweupe, juu ya kitu kisichoonekana, kama kitambaa juu ya meza. Ukakaa hapo.

Yeye alijua ni nini. Ni hewa ileile mtu anayoitoa puani, ila hapa ilikuwa ikitoka kwenye nyufa za ardhi, nzito, ikitulia bondeni kwa kukosa upepo wa kuifagia. Alijua jina lake na uzito wake. Lakini kujua hakukumzuia kutoka kinyumenyume, asiipe kisogo.

Baraza liliitishwa kwa haraka. Mkuu wa mkoa alimsikiliza, kisha akapangusa jasho.

"Mama, utepe nimekata mimi mwenyewe. Redio imesema. Leo nikafunge kwa sababu ya hewa? Si afadhali ungeniambia kuna chui." Wajumbe wakacheka. "Haya, twende tukaione hiyo hewa."

Wakaenda, suti na viatu vya kung'aa, wakasimama darasani wakitazama dari. Katibu alivuta pumzi mpaka vifungo vya koti vikalalamika.

"Hewa tamu kabisa!" alitangaza.

"Mbona tunapumua vizuri tu?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Kwa sababu mmesimama," mtaalamu alisema. "Watoto hawalali wamesimama."

Mkuu wa mkoa akavua koti.

"Nileteeni mkeka. Nisije kusikia huko nje kwamba naogopa mkeka."

Akajilaza, mikono juu ya tumbo. "Mheshimiwa usikorome!" mmoja akamtania, na mwingine akaimba ubeti wa kubembeleza mtoto. Walicheka kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha hakuna aliyecheka. Tumbo la mheshimiwa lilikuwa likipanda na kushuka mbio mbio. Midomo yake ikafunguka, na ikatoka sauti nyembamba ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

"Nakuja, mama. Nafunga tu kamba za viatu."

Walitazamana. Kila mmoja pale alikuwa amehudhuria maziko ya mama yule, miaka mingi nyuma.

"Mnyanyueni!" mtaalamu alipiga kelele, na wakamnyanyua, wanne hawamtoshi. Nje, kilimani, alifumbua macho akaangalia jua la mchana.

"Nani alizima taa?" aliuliza.

Hakumtazama mtu mpaka walipofika ofisini. Mtaalamu aliona kwamba mtu huyu sasa ameamini, akamshukuru Mungu moyoni. Alidhani limekwisha. Lakini mkubwa akiamini jambo mbele ya watu, bado ana utepe wake aliokwisha kuukata.

"Swali kwa mtaalamu," Mkuu wa mkoa alisema, na shavu lake safari hii halikutaka kucheka. "Shule haiwezi kufungwa, pengine pa kuwapeleka hatuna. Lakini watoto hawatalala chini tena. Hiyo hewa inaishia kimo gani?"

Kalamu zote zikasimama hewani. Tangu aajiriwe hajawahi kuona kalamu zikimsubiri yeye. Alijua jibu la kweli ni refu: lina upepo ndani yake, na mvua, na joto la asubuhi, na mambo ambayo hajayapima. Alijua pia kwamba jibu refu halipiti mdomoni mwa Katibu.

"Leo nimeikuta chini ya goti, Mheshimiwa. Lakini hiyo ni leo, siku nyingine inaweza—"

"Mtaalamu anasema ni goti!"

Kalamu zikashuka. Angeweza kusimama akakataa. Hakusimama. Alijiambia goti ni afadhali kuliko mkeka.

Mafundi seremala wakatengeneza vitanda virefu, na vigoda vya kupandia. Redio ikaviita vitanda vya kisayansi. Wazazi walikuja kuvitazama, wakatikisa miguu ya mbao, wakaridhika. Chiriku akaanza tena kuongea, kwanza neno mojamoja, kisha nyumba ikarudi kuwa haikaliki. Mtaalamu aliendelea kwenda kupima kila alipopata nafasi, na kila alipopima hewa ilikuwa chini ya goti, imelala kimya kama mnyama aliyefugwa. Siku zikapita. Akaanza kwenda mara chache. Watu walipomuuliza njiani, "Mtaalamu, ni goti tu, si ndiyo?" alijibu, "Ndiyo, ni goti." Hapo ndipo shetani alipomchezea: aliipenda namba yake mwenyewe.

Kisha mvua zikanyesha, nyingi, ardhi ikanywa mpaka ikashiba. Zilipokatika ikaja asubuhi moja nzito, mawingu yamekaa juu ya paa, jani halitikisiki. Mtaalamu alitoka uani kunawa uso. Moshi wa majiko ya majirani ulikuwa haupandi. Ulikuwa umetambaa juu ya mabati, nyumba hadi nyumba, unatafuta pa kushukia.

"Mdogo wangu!" aliita. Jirani akajibu kutoka ng'ambo ya ukuta, "Mwalimu katoka zamani, yeye na Chiriku wake. Kasema anawahi kutandika vitanda."

Aliokota kipimo akakimbia bila viatu. Watu walimpisha wakidhani amefiwa.

Kwenye njia ya kushuka, kipimo kilianza kulia mahali ambapo hakijawahi kulia, juu kabisa, kabla hata paa la shule halijaonekana. Kililia kwenye vifundo vya miguu. Akashuka kidogo, kikalia kwenye goti. Kidogo tena, kiunoni. Na hapo, juu ya jiwe kubwa lililobaki kwa wachimbaji, alimkuta Chiriku amesimama wima, mikono ubavuni, anatazama chini bondeni.

"Mama yako yuko wapi?"

"Kaniambia nisubiri hapa mpaka afagie." Mtoto hakugeuka. "Mama mkubwa, leo yule wa chini ya mkeka kasimama."

Alimnyakua akampandisha juu kwa pumzi zilizobaki, akamweka barabarani. Kwa mbali wazazi walikuwa wanakuja na watoto wao, wameshikana mikono.

"Chiriku, nisikilize. Hakuna mtu kushuka hapa. Piga kelele. Piga kelele zako zote ulizonazo, usinyamaze mpaka nirudi."

Mtoto alimtazama, kisha akafungua kinywa, na ule ukelele aliousikia nyuma yake akishuka ndio uliomshikilia kama kamba.

Alivuta pumzi akaibana. Ya Rabi, usinitie aibu. Mlango ulikuwa wazi. Darasa lilikuwa safi, limefagiwa, vitanda virefu vimetandikwa shuka moja moja mpaka katikati ya safu. Na pale katikati mdogo wake alikuwa ameinama juu ya kitanda, shavu limelala kwenye shuka, mkono bado umeshika pindo. Alikuwa anatabasamu. Kitanda kilikuwa cha kimo cha goti na zaidi kidogo, kama walivyoagizwa.

Alimkamata chini ya kwapa akamburuta. Kifua kiliwaka moto. Masikio yalivuma, na ndani ya mvumo ule alisikia kama watu wengi wamelala pamoja, wanapumua mbio mbio. Alimburuta kizingitini, akamburuta njiani, visigino vya mdogo wake vikichora mistari kwenye udongo. Pumzi ilipomtoka kwa nguvu alivuta nyingine bila kutaka, chachu, na dunia ikawa nyembamba. Kisha mikono ikamshika. Baba mmoja, fundi baiskeli, alikuwa amejilaza ukingoni, wenzake wamemkamata miguu, akawavuta wote wawili kama anavuta ndoo kisimani.

Mdogo wake alikoroma, akakohoa, akatapika. Mungu ni wa rehema. Chiriku bado alikuwa anapiga kelele, na hakuna aliyethubutu kumwambia inatosha.

Hospitali walisema ataishi. Lakini kwa siku nyingi baadaye, mwalimu yule, katikati ya maneno, angenyamaza na kuinamisha kichwa upande, kama mtu anayempisha mwingine avute pumzi kwanza.

Baraza likaketi. Hakukuwa na utani. Katibu alifungua kikao kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya meza haikufika vizuri.

"Swali kwa mtaalamu," Mkuu wa mkoa alisema. "Vitanda tuvipandishe mpaka kimo gani?"

Kalamu zikasimama hewani.

Mtaalamu aliinuka kwenye kiti chake cha ukutani. Akatembea mpaka mezani, mahali ambapo mtaalamu hafiki, akaweka viganja vyake viwili juu ya mng'aro wake.

"Sina kimo, Mheshimiwa."

"Basi tupe umbali. Shule ikae umbali gani kutoka bondeni?"

"Sina umbali."

"Mama, sasa tunakulipa kwa kazi gani?" mjumbe mmoja alifoka.

"Mnanilipa nijue. Ninachokijua ni kwamba hewa hiyo haina mpaka wa kudumu. Nilikupeni namba mkaipenda, na mimi nikaipenda. Mdogo wangu kaokotwa juu ya namba hiyo. Nikikupeni nyingine mtaipenda vilevile."

Katibu alifungua mdomo. "Mtaalamu anasema…" Akaanza tena. "Mtaalamu anasema kwamba…" Alitafuta namna ya kulifupisha, macho yanamtoka, na hakuipata. Kalamu zilibaki juu. Wajumbe walisikika wakipumua.

"Mkitaka kuona," mtaalamu alisema taratibu, "subirini asubuhi isiyo na upepo, mje nami. Si darasani. Pale juu tu, ukingoni."

Asubuhi hiyo haikuchelewa kuja. Walisimama barabarani kwa mstari, mabega yanagusana. Chini paa la shule lilionekana vizuri, na kupitia dirishani vilionekana vitanda virefu, nusu vimetandikwa, nusu vitupu. Hakuna kilichosogea. Mtaalamu alimpa Mkuu wa mkoa kipimo kwa kamba yake, akamwonyesha namna ya kukishusha.

Kililia kwenye viatu vyake.

"Kinalia," alisema, kama anayeomba aambiwe hapana.

"Subiri kidogo," mtaalamu alisema.

Mkuu wa mkoa alikipandisha mpaka katikati ya muundi, kikanyamaza. Wakasubiri. Halafu, bila mkono wake kutikisika, kipimo kikaanza kulia palepale kilipokuwa. Akakipandisha mpaka goti. Kikanyamaza. Wakasubiri. Kikalia.

Mkuu wa mkoa alirudi nyuma. Katibu naye. Kisha wajumbe wote, mmoja mmoja.

"Ifungwe," Mkuu wa mkoa alisema kwa sauti ileile nyembamba ya siku ya mkeka. "Watoto watasomea ukumbini kwetu, mpaka tupate pengine."

Katibu hakuirudia kauli hiyo. Alikuwa anaangalia chini, nyasi zilizo mbele ya viatu vyake. Wakarudi nyuma tena, na tena, kila mmoja kwa kadiri ya hofu yake, wakipita barabara, wakipita mtaro wa ng'ambo yake, na hakuna aliyemgeukia mtaalamu kumuuliza kama sasa inatosha.